Laini ya Thelathini na Nne

Asubuhi ya Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi, Mahfudha binti Muhsin alihesabu laini zilizokuwa hewani katika yadi ya Muhdhar na Wanawe, Shimanzi, akapata thelathini na nne. Akahesabu tena, kidole juu ya kioo cha kompyuta. Thelathini na nne. Watu wa yadi, pamoja na mwenye kampuni, walikuwa thelathini na watatu.

Yadi ile ilikuwa na mtandao wake wa simu. Haukuwa wa kampuni yoyote ya simu. Ulikuwa wa kina Muhdhar peke yao, na mnara wake ulisimama katikati ya makontena. Simu isiyo na kadi ya yadi haikuweza kuingia humo, na iliyokuwa humo haikuweza kupiga nje. Mtandao ulijengwa kwa sababu ya wizi. Zamani agizo la uongo liliingia kwa simu ya kawaida, kwa sauti ya mtu anayejulikana, na kontena zima likatoka langoni kwenda kusikojulikana. Tangu mnara usimame hilo halikutokea tena. Kazi ya Mahfudha, aliyeajiriwa miezi minne iliyopita, ilikuwa kuulinda mtandao huo na kujua kila laini ni ya nani.

Alifungua daftari la laini. Mbele ya namba thelathini na nne hapakuwa na jina la mtu. Paliandikwa neno moja: Mwenyeji. Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi, siku mtandao ulipofunguliwa. Laini hiyo haikuwahi kuwashwa hata mara moja mpaka asubuhi ile.

Kompyuta ilionyesha pia kila simu ilipo. Laini ya thelathini na nne ilikuwa chini ya mnara, na haikusogea. Mahfudha alitoka, akapita kati ya makontena mpaka kwenye msingi wa saruji. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu mbili zilizochanganyika: ubani, na tope la maji yaliyokaa mno bila kuchotwa.

Alimwita Ngumbao Chonga, fundi wa mtandao, mtu wa Rabai, mpole, mwenye kuzungumza kwa kipimo. Ngumbao ndiye aliyesimamia ujenzi wa mnara enzi za Mzee Hamid Muhdhar, mwenye kampuni, aliyefariki mwezi wa Rajabu. Ngumbao aliitazama kompyuta.

"Iache, Bi Mahfudha," alisema.

"Niiache vipi? Ni laini ngeni."

"Si ngeni."

"Basi ni ya nani?"

Ngumbao alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ingawa haikuwa michafu. "Imo daftarini. Iache."

Mahfudha hakuipenda ile namna ya kufuta mikono. Kila laini ilisajiliwa na kufutwa kwa funguo mbili ndogo za kuchomeka kwenye mashine, mmoja wa mwenye kampuni na mmoja wa mlinzi wa mtandao. Mwaka juzi mlinzi hakuwapo. Ngumbao ndiye aliyekuwa na ufunguo wake. Jioni ile alimweleza Bwana Yazid Muhdhar, mtoto wa marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye kampuni. Bwana Yazid alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, nadhifu, asiyependa maneno mengi.

"Mtazame huyo fundi," alisema. "Mtazame bila yeye kujua."

Siku ya pili, Loise Mwakio, karani wa lango, aliingia ofisini kwa Mahfudha akiwa ameishika simu yake kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Bi Mahfudha, nani kwenye kampuni hii ana jina la mama yangu?"

"Fomu hazina majina ya mama. Kwa nini?"

"Kuna mtu amenipigia. Ameniita Loise wa Mkawasi. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Alizikwa Wundanyi. Mume wangu mwenyewe hajui jina hilo, anamjua kwa lile la ubatizo."

"Amesema nini zaidi?"

"Hakusema. Aliniita, akangoja niitike."

"Umeitika?"

"Nimelelewa vizuri," alisema Loise. "Usiyemjua akikuita, usiitike. Sikuitika."

Adhuhuri, Mahfudha aliwaamuru wafanyakazi wote walete simu zao ofisini na wazizime mbele yake. Morgan, mwendesha kreni, kijana mnene mwenye mzaha, aliiweka yake juu ya rundo akasema, "Mke wangu alitafuta hivihivi mwaka jana, hakupata kitu." Walicheka kidogo. Ngumbao hakucheka. Simu thelathini na mbili zilikuwa mezani, ya Bwana Yazid ikiwa mojawapo, zimezimwa zote, na ya thelathini na tatu ilikuwa ya Mahfudha mwenyewe. Kwenye kompyuta zilibaki laini mbili: yake, na ile.

Aliwatoa wote, akambakisha Loise awe shahidi. Kisha akaipiga namba thelathini na nne.

Iliita mara moja. Ikapokelewa. Kwanza alisikia maji, si ya bomba wala ya bahari, bali maji ya mbali, ya chini, na ndoo ikigonga jiwe, ikishuka, ikigonga tena. Halafu pumzi. Halafu sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Mahfudha wa Afaf."

Ilikuwa sauti ya Loise. Na Loise alikuwa amesimama mbele yake, upande wa pili wa meza, kiganja chake kimeuziba mdomo.

Mahfudha alikata simu. Mama yake, Bi Afaf, alikuwa hai, nyumbani kwao Kuze, akipika.

"Mama wee," Loise alinong'ona. "Ile ni mimi."

"Sikia. Usimwambie mtu."

Lakini alimwambia Bwana Yazid, kwa sababu ilikuwa kazi yake. Bwana Yazid alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Siku hizi mashine huiga sauti ya mtu yeyote, Bi Mahfudha. Wewe ndiye uliyesomea mambo hayo, si mimi. Mtu akirekodi maneno yako mawili matatu, inatosha. Na nani hapa hurekodi? Nani husikia simu zote?"

Hakulitaja jina. Hakukuwa na haja. Na Mahfudha, akirudi mezani kwake, aliona kwamba maneno yale yalikuwa na akili ndani yake, akaona pia kwamba Ngumbao alikuwa amesimama chini ya mnara, peke yake, midomo ikimchezacheza, kama mtu anayemwomba mwingine radhi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano. Saa sita na robo mchana, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya vitu vyenyewe, Morgan alikuwa juu ya kreni na kontena la futi arubaini likining'inia. Hussam, karani wa hesabu ya mizigo, alikuwa chini akisoma namba za mihuri. Simu ya Morgan ikaita, na sauti ya Ngumbao ikamwambia, shusha, pako wazi. Morgan akashusha. Hussam alipiga ukelele mmoja. Kontena lilimkosa kifua, likamkamata mguu wa kushoto, ukavunjika mahali pawili.

Walimtoa, wakampeleka hospitali. Morgan alikaa chini, akirudia neno moja kwa kila aliyempita, "Ni Ngumbao, wallahi ni Ngumbao, naijua sauti yake," naye si Mwislamu. Ngumbao wakati ule alikuwa peke yake katika chumba cha mitambo, hana shahidi. Walinzi walimtia kwenye stoo ya magurudumu, wakafunga kwa kufuli.

Bwana Yazid alikuja ofisini kwa Mahfudha na karatasi.

"Andika ripoti. Laini ya siri ilisajiliwa na Ngumbao Chonga, na agizo la leo lilitoka humo kwa sauti yake. Utie sahihi. Polisi watakuja kuichukua pamoja naye baada ya alasiri."

"Bwana Yazid, sina hakika."

"Hussam ana watoto wanne," alisema Bwana Yazid. "Hakika ipi nyingine unaitaka?"

Alipoondoka, Mahfudha aliikunja karatasi tupu, akaenda stoo. Mlinzi alimpisha. Ngumbao alikuwa amekaa juu ya gurudumu la lori, mikono katikati ya magoti.

"Nimepewa hadi alasiri," Mahfudha alisema. "Nikitia sahihi, unafungwa. Nisipotia, atatia mwingine. Ile laini ni ya nani?"

"Nilimuahidi mzee."

"Mzee amekufa."

"Ndiyo sababu. Nikisema leo, mtasema fundi Mrabai amesingizia maiti ili ajiokoe. Ungekuwa wewe ungeniamini?"

Mahfudha alifikiri kwa haki. "Hapana," alisema.

"Basi nenda kwa mwenye kuaminiwa. Muulize Bi Raghad. Muulize mumewe alitia nini kisimani."

Bi Raghad, mjane wa Mzee Hamid, alikaa Kibokoni, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye mlango wa misumari ya shaba. Eda yake ilikuwa imekwisha mwezi mmoja nyuma. Alimkaribisha Mahfudha ukumbini, akamuuliza hali ya mama yake, ya shangazi zake, ya nyumba, na Mahfudha akajibu kila moja kama ipasavyo huku akiona saa ya ukutani ikienda. Kisha akalitaja neno kisima.

Bi Raghad aliweka kikombe chini.

"Ameamka?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu, pale mnara ulipo palikuwa na kisima, cha tangu Shimanzi haijawa Shimanzi ya magodauni. Kina mwenyewe. Hamid hakuweza kukifukia bila kumtaka idhini. Alifunzwa hivyo na babake. Alimpelekea halwa, na marashi, na kitambaa cheupe. Na siku ile watu walikuwa wakigawiwa hizo laini. Akasema, kila aliye ndani ya yadi yangu amepewa, na huyu ni mwenyeji kutupita sote, itakuwaje akose? Akatwaa moja na simu yake, akamwandika, akamtilia kisimani. Fundi yule wa Rabai alikuwapo. Ndipo wakamwaga saruji juu yake."

Kwa miezi minne Mahfudha alikuwa akilinda ukuta, akimtafuta aliyeuruka. Hapakuwa na aliyeuruka. Mtu alifunguliwa mlango wa mbele, akapewa na ufunguo.

"Na mbona alinyamaza mwaka mzima na nusu?"

"Hamid alimfukizia ubani kila Alhamisi. Alipokufa, Yazid akakataza. Yuwasema moshi waliza kengele za mitambo." Bi Raghad alisimama, akachukua buibui. "Ameketi miezi, hafukiziwi, hasemeshwi, na simu yunayo. Twende. Umkate mbele yangu, nami nimtake radhi kwa jina la mume wangu."

Walifika yadini saa tisa kasorobo. Bi Raghad alikuwa na chupa ya marashi na chetezo kidogo mkononi, makaa yamekwisha kuwaka. Bwana Yazid alimsikiliza mama yake amesimama, uso umemwiva, na mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mbele ya wafanyakazi." Lakini hakuwa mtu wa kumkatalia mamake. Wakaingia watatu katika chumba cha mitambo, chenye mlango wa chuma na baridi ya mashine za hewa. Mahfudha alichomeka ufunguo wake. Bwana Yazid akautoa wake mfukoni, akauchomeka. Ilibaki auzungushe tu.

Simu yake ikaita. Juu ya kioo paliandikwa thelathini na nne.

"Usiitike," alisema Mahfudha.

Aliitika. Katika kimya cha chumba kile wote watatu walimsikia mzee mwenye pumu akivuta pumzi, akikohoa mara mbili, akisafisha koo kama alivyolisafisha Mzee Hamid kila asubuhi kwa miaka, na kisha akisema, "Zidu." Jina hilo Bwana Yazid alikuwa hajaitwa tangu avae suruali ndefu.

Mkono wake ukaachia ufunguo.

"Baba?"

"Zidu, baridi huku. Mbona mwanikata? Raghad yupo? Nipe Raghad."

Bi Raghad hakupepesa. "Mwanangu, kata," alisema. "Huyo si babako. Nimekaa na Hamid miaka arubaini na mmoja, hata siku moja hakuniita kwa jina. Si mbele ya watu, si tukiwa wawili. Mimi ni Mama Yazid. Kata."

"Mama, niache nizungumze naye kidogo."

"Yazid."

"Kidogo tu," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika, naye akawasukuma wote wawili nje, kwa adabu, kwa kiganja, kama mtu anayewapisha wageni, akaufunga mlango wa chuma na komeo likaingia.

Walisikiliza. Kwanza alicheka, kicheko cha mtoto. Kisha wakamsikia akisema naam, baba, na naam, baba, na nitawaita, baba, na nitawaita wote. Na sauti yake ikawa inazidi kuwa nzito na sauti ya pili inazidi kuwa nyepesi, mpaka Mahfudha hakuweza tena kutambua ipi inauliza na ipi inajibu, na wakati huohuo simu zote za yadi zikaita pamoja, langoni, kwenye malori, kwenye mifuko ya makuli, na safari hii kila mtu alisikia sauti anayoitii, sauti ya bwana mwenye kampuni, ikimwita kwa jina lake na jina la mama yake, nao wakaitika, kwa kuwa nani asiyemwitikia bwana wake, na mmoja mmoja wakaacha walichokuwa wakifanya wakaelekea mnarani, Loise akiwa miongoni mwao, na juu yao wote Morgan, macho wazi, simu sikioni, aliuzungusha mkono wa kreni na kontena jingine polepole mpaka likasimama sawasawa juu ya msingi wa saruji.

Mahfudha alikimbilia stoo. Mlinzi hakuwapo, ufunguo ulikuwa kwenye kufuli.

"Umeme wa mnara," alimwambia Ngumbao. "Unakatwa wapi?"

Walikimbia mpaka nyuma ya godauni la pili, kwenye sanduku la chuma ukutani. Ngumbao alilifungua. Mlikuwa na swichi mbili kubwa, ya umeme na ya betri. Aliweka mkono juu ya ya kwanza, akasita.

"Nikizima," alisema, "ndilo neno lenyewe waliloniambia nimelifanya. Fundi ameharibu mtandao wa tajiri. Na polisi wako njiani."

"Toa mkono wako," alisema Mahfudha.

"Bi Mahfudha—"

"Toa. Usimame kando, mikono waione mitupu. Ripoti nitaiandika mimi, na jina litakalokuwamo ni langu. Mahfudha binti Muhsin."

Alizishusha zote mbili.

Kimya kiliingia yadini ghafla. Watu walisimama walipokuwa, hatua chache kutoka mnarani, wakaanza kutazamana na kutazama simu zao, na Loise alipoinua macho akaona kilichokuwa juu ya kichwa chake, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Morgan aliiweka simu chini. Alilirudisha kontena upande wa pili polepole sana, na lilipogusa ardhi alijiinamia palepale kwenye kiti chake.

Bi Raghad alikuwa amekifikisha chetezo kwenye msingi wa mnara, akifukiza, akinong'ona kwa Kiarabu na kwa Kimvita. Moshi ulipanda ukanyooka. Alipomaliza alimwagia marashi saruji yote, akamwambia Mahfudha, "Nimemuaga."

Ndipo komeo likafunguliwa. Bwana Yazid alitoka katika chumba cha mitambo, akawajia wote uwanjani, ametulia, uso umeoshwa na machozi. Simu ilikuwa sikioni mwake.

"Naam, baba," alikuwa akisema. "Yuko hapa. Namwona."

Mahfudha alikitazama kioo cha simu ile. Alama ya mtandao haikuwapo. Mnara ulikuwa umekufa, na katika yadi nzima hapakuwa na laini hata moja hewani.

Bwana Yazid alisimama mbele ya Ngumbao. "Ngumbao," alisema kwa upole, "baba asema huna kosa. Nimewapigia polisi kwa simu ya nje, hawaji. Umesamehewa. Ila ataka kukusikia mwenyewe." Akamnyooshea simu.

Ngumbao aliweka mikono nyuma.

"Mwambie nimeshukuru," alisema.

"Ataka sauti yako. Itika tu. Neno moja."

Bi Raghad alitikisa kichwa polepole. Ngumbao alimtazama yeye, akamtazama Mahfudha, kisha akageuka, akaanza kutembea kuelekea langoni, si kwa haraka. Bwana Yazid hakumfuata wala hakuushusha mkono. Alibaki ameinyoosha simu hewani, uso umeng'aa kwa matumaini. Ngumbao alikuwa bado hajalifikia lango, mgongo wake ukionekana na watu wote, waliposikia simu ile ikiitika kwa sauti yake:

"Naam, mzee. Nimekuja."